Muuaji Tunamjua Kabla ya Ukurasa wa Mia

Riwaya ya upelelezi ikishapita mikononi mwa watu watano pale Ikonge, wa sita huipata ikiwa na majibu. Ikonge ni soko dogo la kaunti ya Nyamira, limezungukwa na chai na migomba, na kitabu cha hadithi huko ni kitu cha kuazimana kuliko cha kununua. Nakala yangu ya Kisima cha Giningi, riwaya ya Muhammed Said Abdulla wa Unguja, ilitokea huko, jalada limeshonwa kwa uzi, na msomaji mmoja wa zamani ameacha kazi yake humo kwa penseli. Katika sura za mwanzo amelizungushia jina moja duara na kuandika pembeni: ni huyu. Mbele kidogo duara limefutwa kwa kifutio kibovu, likahamia kwa mtu mwingine. Kitabu kinapokaribia kwisha liko kwa wa tatu, na safari hii hakuandika neno.

Mwenye penseli huyo ni shahidi adimu. Watu wengi wanaosoma riwaya za aina hii watakuambia kwamba walimjua muuaji kitabu kikiwa katikati, na ukiwauliza walimjuaje, watakujibu kuwa walihisi tu. Mambo huwa hivi: msomaji humshuku kila anayeingia mlangoni. Wakiwa wahusika saba, atawashuku wote saba kwa zamu, na siku mwandishi anapomtaja mmoja, shaka ile moja hukumbukwa na sita zikasahauliwa. Ndiyo maana naiamini penseli kuliko ninavyoiamini midomo ya wasomaji, na wangu mwenyewe ukiwemo.

Hata hivyo wako wanaopata kweli, tena mara kwa mara, na haiwezekani wote wakawa na bahati. La kuchunguza ni wanapatia wapi. Jibu la kawaida, kwamba wanazifuata dalili kama anavyozifuata mpelelezi, naliona dhaifu. Majivu ya sigara, unyayo wa kiatu, saa iliyosimama: ni wachache mno wanaovikusanya vitu hivi na kuvipanga. Wengi wetu hatuichunguzi maiti. Tunamchunguza mwandishi, na tukiishiwa hapo, tunauchunguza ulimwengu tunaoujua sisi.

Kumchunguza mwandishi ni kazi ya kidole gumba. Polisi wakimtia mtu pingu na bado kuna bunda nene la kurasa chini ya gumba la kulia, mtu huyo hana hatia, na hilo halihitaji ushahidi wowote wa ndani ya hadithi. Mjomba anayefika kunywa kahawa katika sura tatu mfululizo pasipo sababu, lazima ana sababu, kwa kuwa hakuna mwandishi anayepoteza wino juu ya kahawa. Mtu mbaya kupita kiasi aliyegombana na marehemu mbele ya watu wote ni chambo. Haya ni maarifa ya jinsi vitabu vinavyoundwa, na msomaji wa kitabu cha kumi huwa nayo hata kama hajawahi kuyatamka.

Waandishi wenyewe ndio waliotupa ufunguo. Mwaka 1929 padri mmoja Mwingereza, Ronald Knox, aliyekuwa pia mtunzi wa hadithi za upelelezi, aliandika amri kumi za fani hiyo. Ya kwanza ilidai kwamba mhalifu awe ametajwa mapema katika hadithi. Ya pili ilikataza nguvu zisizo za kibinadamu zisitumike kueleza jambo. Nia ilikuwa haki: msomaji asichezewe shere kwa kuletewa muuaji asiyemjua katika sura ya mwisho. Lakini amri ya kwanza ikishajulikana, msomaji hurudi mwanzo na kuwahesabu waliokuwepo. Mwaka huohuo kule Marekani mabinamu wawili walioandika kwa jina la Ellery Queen walitoa The Roman Hat Mystery, wakaisimamisha hadithi kabla ya mwisho na kumwambia msomaji waziwazi: dalili zote unazo, sasa tuambie ni nani.

Kwetu mchezo huo haukuhitaji kuletwa na meli. Mtoto akisema kitendawili, wenzake wakaitikia tega, huwa wamekubaliana masharti. Kila mmoja atakisia kwa sauti, wengine wakisikia. Aliyekosea hachekwi sana kwani wa pili yake naye atakosea. Wakishindwa wote, mtegaji hudai mji. Atapewa Mombasa ataikataa, atapewa Kisumu ataikubali, atajigamba kidogo kuhusu mji wake, ndipo atoe jibu. Na jibu likitoka, lazima wote waone kwamba lilikuwamo ndani ya maneno ya mwanzo. Mtegaji ambaye jibu lake halimo hapewi mji tena jioni hiyo. Msomaji wa riwaya hukisia peke yake, kimya, wala hatoi mji wowote akishindwa, na nadhani ndiyo sababu anadanganya kirahisi baadaye kuhusu alichokijua na lini alikijua.

Kuna msomaji mmoja aliyekisia hadharani na kwa maandishi, na kisa chake kinafaa kusimuliwa. Mwaka 1841 Charles Dickens alikuwa akitoa Barnaby Rudge vipande vipande kila wiki. Edgar Allan Poe, mwandishi Mmarekani aliyekuwa mwaka huohuo amechapisha hadithi ambayo wengi huihesabu kuwa ya kwanza ya upelelezi, alisoma vipande vya mwanzo na tarehe 1 Mei akaandika katika gazeti la Philadelphia muuaji ni nani: mtumishi ambaye kila mtu aliamini kuwa ameuawa pamoja na bwana wake, yaani baba yake Barnaby. Hapo alipatia. Mengine kadhaa aliyoyatabiri hayakutokea. Alipoirudia riwaya nzima mwaka uliofuata, hakuficha kujivuna, lakini aliongeza jambo ambalo wahakiki wengi wamelipita: kwamba mtu akiisoma hadithi hiyo mara ya pili, siri akiwa anaijua, vidokezo vilivyokuwa giza humwangazia kila upande kama nyota. Yaani aliyekisia mapema hakupoteza kitabu; amekifikia kile cha pili kilichofichwa ndani ya cha kwanza.

Dickens huyohuyo ndiye aliyetuachia kisa kikubwa zaidi cha kukisia katikati, bila kukusudia. The Mystery of Edwin Drood ilipangwa kutoka kwa matoleo kumi na mawili ya kila mwezi. Alipofariki tarehe 9 Juni 1870, alikuwa ameandika sita. Kijana Drood ametoweka, mjomba wake John Jasper anavuta afyuni na kumtamani mchumba wa mpwawe, na hapo karatasi inakwisha. Kwa zaidi ya miaka mia na hamsini wasomaji wamekuwa wakiimalizia. Tarehe 7 Januari 1914, London, waandishi walikusanyika wakaigiza kesi ya Jasper: G. K. Chesterton akawa hakimu, George Bernard Shaw akawa msemaji wa wazee wa baraza. Wazee walimtia Jasper hatiani kwa kuua bila kukusudia, uamuzi ambao haukumridhisha mtu, na Chesterton akamalizia kwa kuwatia hatiani wote waliokuwemo, ila yeye mwenyewe, kwa kuidharau mahakama. Utani ulikuwa mkubwa, lakini tazama kilichobaki wazi baada ya utani. Karibu kila msomaji humshuku Jasper. Kinachowagawanya wasomaji ni kama Drood amekufa kweli, na huyu mgeni mwenye mvi aliyejitokeza mjini ni nani. Walimpata mtu mapema, wakakosa kisa.

Sasa nirudi Unguja. Muhammed Said Abdulla, aliyezaliwa huko mwaka 1918, alishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la mwaka 1957-58 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kikachapishwa 1960. Herufi za mwanzo za jina lake ndizo alizompa mpelelezi wake, Bwana Msa, mvuta kiko anayefuatana na rafiki yake Najum. Vilifuata Kisima cha Giningi mwaka 1968, Duniani Kuna Watu 1973, Siri ya Sifuri 1974, Mke Mmoja Waume Watatu 1975, Mwana wa Yungi Hulewa 1976, na Kosa la Bwana Msa 1984. Kwamba alimsoma Conan Doyle hakuna anayebisha. Lakini msomaji akiyajua maandiko ya Doyle yote hatafika mbali na Bwana Msa, kwa sababu mafumbo ya Abdulla hayakai kwenye unyayo na majivu. Yanakaa kwenye nasaba. Nani ni mtoto wa nani, nani aliolewa na nani kabla ya kuolewa na huyu, nani analelewa na mtu asiye mzazi wake, na shamba la mikarafuu litamwangukia nani. Hata majina ya vitabu yanakutazamisha huko.

Kwa hiyo msomaji anayetaka kumkamata muuaji wa Abdulla katikati ya kitabu atafanya vyema kuchora ukoo kuliko kuchora ramani ya nyumba. Na hapa msomaji wa Ikonge, aliye mbali na karafuu na mbali na bahari, ana mtaji mkubwa kuliko anavyodhani. Amekulia kwenye vilima ambako shamba la babu limegawanywa kwa wana, na la wana kwa wajukuu, mpaka mistari ya chai ya ndugu wawili inatenganishwa na njia ya kupitisha mtu mmoja. Mzee akiwa na wake wawili, kila nyumba ina fungu lake, na mpaka kati ya nyumba na nyumba ndio unaozungumzwa matangani mzee akiwa bado hajafukiwa. Mtu aliyelelewa hapo akisoma kwamba tajiri wa Unguja ameuawa, swali lake la kwanza halitakuwa mlango ulifungwa saa ngapi. Atauliza nani anarithi, na kama kuna mtoto wa nje ambaye hajajulikana. Mara nyingi atakuwa ameshapiga hatua mbele ya polisi wa kwenye kitabu.

Lawama niliyo nayo kwa Abdulla, maana simsujudii, ni kwamba si mtegaji mwaminifu kila wakati. Bwana Msa huyaweka kifuani mambo aliyoyaona, anavuta kiko chake, na sisi pamoja na Najum tunabaki nje mpaka atakapopenda kusema. Katika vitabu vyake vya baadaye nasaba hujisokota kiasi kwamba jibu likija unalipokea kwa uchovu. Mwenye penseli wangu alipoacha kuandika "ni huyu" pembeni, huenda hakuwa ameishiwa na ujasiri. Huenda alikuwa ameanza kususa.

Baada ya Abdulla barabara iligawanyika. Faraji Katalambulla alimleta Inspekta Wingo katika Simu ya Kifo mwaka 1965, na humo bado fumbo la nani ndilo injini. Elvis Musiba alipoanza na Kufa na Kupona mwaka 1974, Willy Gamba wake hakuwa tena mtu wa kuketi na kufikiri. Ni jasusi wa Afrika huru, na adui wa kitabu baada ya kitabu ni makaburu wa Afrika Kusini na vibaraka wao. Mkosaji mkuu anajulikana kabla hujafungua jalada. Anajulikana kwa habari ya redio ya siku hiyo. Kinachobaki cha kukisia ni kidogo, hasa nani kati ya wenzetu amenunuliwa, na kwa hilo wasomaji wa miaka ile walikuwa hodari sana. Joram Kiango wa Ben Mtobwa amesimama kati ya njia hizo mbili. Na huku Kenya John Kiriamiti alilimaliza swali lote kwa mkato mwaka 1984: katika My Life in Crime mhalifu ndiye anayesimulia, na nchi nzima ilikisoma.

Riwaya ya Kenya inayostahili kukaliwa hapa ni ile ambayo watu hawaihesabu kuwa ya upelelezi kabisa. Asiyeisoma Petals of Blood ya Ngũgĩ wa Thiong'o na aruke aya hii na inayofuata. Ilitoka mwaka 1977, nayo inaanza kama inavyoanza riwaya yoyote ya Inspekta Wingo. Matajiri watatu, Chui, Kimeria na Mzigo, wakurugenzi wa kiwanda cha pombe cha Theng'eta, wameungua katika nyumba ya Wanja pale Ilmorog. Mwalimu Munira anachukuliwa na polisi, Karega wa chama cha wafanyakazi anachukuliwa, Abdulla mwenye duka aliyepoteza mguu vitani anachukuliwa, Wanja yuko hospitali. Kuna Inspekta Godfrey, kuna daftari la maungamo. Kisha Ngũgĩ anakurudisha nyuma miaka kumi na miwili na kukuweka huko muda mrefu mpaka unasahau kwamba kuna maiti.

Unapozikumbuka tena, unagundua kitu cha ajabu: ukimtaja yeyote kati ya wale wanne, una sababu zake mkononi. Kimeria ndiye aliyemharibia Wanja usichana wake. Ndiye aliyemsaliti mpiganaji Ndinguri, rafiki wa Abdulla na ndugu wa Karega. Jibu la polisi likija, ni Munira aliyewasha moto, kwa wazimu wa dini, ili kumwokoa Karega kutoka kwa Wanja. Lakini moto ulimkuta Kimeria ameshapigwa panga na Wanja, na Abdulla alikuwa njiani akija kwa nia hiyohiyo. Inspekta anaifunga kesi akiwa na robo ya ukweli na anaridhika. Msomaji aliyemkisia Munira katikati amepata, aliyemkisia Wanja amepata, aliyemkisia Abdulla amekosa kwa dakika chache tu. Hapo ndipo ninapouona ustadi. Ngũgĩ alijua kwamba tutakisia, akaupa kila ukisiaji wetu nafasi ya kuwa sahihi, kisha akatufanya tuone aibu kwamba tulikuwa tukitafuta mtu mmoja. Mwanawe, Mukoma wa Ngũgĩ, alichukua njia fupi zaidi katika Nairobi Heat: msichana mzungu amekutwa amekufa mlangoni kwa profesa wa Rwanda anayesifiwa kwa kuokoa watu wakati wa mauaji ya kimbari, na kila msomaji humshuku profesa tangu ukurasa wa kwanza. Hadithi inaenda kwa sababu shaka hiyo haina ushahidi, na mpelelezi analazimika kupanda ndege mpaka Nairobi kuutafuta.

Wanafunzi wetu wa sekondari wamezoea usomaji wa namna nyingine kabisa. Kitabu teule cha mtihani hakifiki peke yake shuleni. Kinafika na mwongozo, na mwongozo ni mwepesi, una muhtasari wa kila sura na sifa za kila mhusika. Wengi huanza nao. Mtoto anayesoma hivyo anajua nani atakufa na nani atasaliti kabla hajakutana na yeyote kati yao. Walimu hulalamika, na malalamiko yana haki, ila si kwa sababu wanayoitoa, kwamba utamu umekwisha. Mwaka 2011 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha California cha San Diego, Jonathan Leavitt na Nicholas Christenfeld, waliwapa watu hadithi fupi kumi na mbili, zikiwemo za upelelezi, wengine wakiwa wamedokezwa mwisho na wengine bila kudokezwa. Waliodokezwa walizifurahia zaidi kidogo. Tafiti zilizofuata za watu wengine zilipata matokeo ya kinyume, kwa hiyo tusijenge nyumba juu ya hilo. Linalonisumbua mimi kuhusu mwongozo ni kwamba humnyima mtoto nafasi ya kukosea. Mwenye penseli wangu alikosea mara mbili, na kila alipofuta duara alilazimika kurudi nyuma kuuliza amepotoshwa na nini. Hayo ndiyo masomo, na hayamo katika muhtasari wa sura.

Kuna jambo lingine linalomfinyanga msomaji wa Kenya, na halikutoka kwenye kitabu chochote. Februari 1990 waziri wa mambo ya nje, Robert Ouko, alitoweka nyumbani kwake Koru, na mwili wake ukakutwa umeungua kwenye kilima cha Got Alila. Serikali ilimwita mpelelezi John Troon wa Scotland Yard, kama vile imeisoma fani na inajua inachopaswa kufanya. Ikaundwa tume ya Jaji Evans Gicheru. Novemba 1991, ushahidi ukiwa bado unatolewa, Rais Moi akaivunja. Kuna aliyeshtakiwa na mahakama ikamwachilia huru. Kamati ya bunge ilikuja baadaye ikiongozwa na Gor Sunguh. Sura ya mwisho haijaandikwa hadi leo, na kila Mkenya mtu mzima ana jina analolitaja akiwa na watu anaowaamini. Kizazi kilicholelewa na habari za aina hii hukisia kwa namna yake: mwenye cheo kikubwa kuliko wote katika hadithi ndiye, na anayekamatwa si yeye. Kwa riwaya za Kenya kipimo hicho hufanya kazi vizuri kuliko kanuni zote za Knox. Ukikipeleka kwa Agatha Christie, utapotea mchana kweupe.

Nimesema kwamba tunauchunguza ulimwengu tunaoujua. Ulimwengu huo una upande mwingine, na eneo la Gusii limeuonja. Mei 2008, katika kijiji kimoja cha Kisii, umati ulikwenda nyumba kwa nyumba ukiwa na majina, ukawachoma hadi kufa watu kumi na mmoja, wanawake wanane na wanaume watatu, wengi wao vikongwe, kwa madai ya uchawi. Oktoba 2021, huko Marani, akina mama wazee wanne waliuawa kwa namna hiyohiyo wakidaiwa kumroga kijana. Mwanaanthropolojia Robert LeVine, aliyekaa na Wagusii miaka ya hamsini, aliona kwamba tuhuma za urogi haziendi mbali kumtafuta mtu. Huwaangukia wake wenza na majirani, watu waliogawana mpaka. Ni ramani ileile ya urithi inayomsaidia msomaji wa Ikonge kumkamata muuaji katika visa vya Bwana Msa. Tofauti ni kwamba Bwana Msa hungoja.

Ndiyo sababu naona Mzimu wa Watu wa Kale bado haijasomwa inavyostahili huku bara. Tajiri amekutwa amekufa mahali ambapo watu hupeleka sadaka na kuogopa kupita usiku, na jamii nzima ina jibu lake tayari: mzimu. Kisima cha Giningi nacho kimejengwa juu ya imani ya Waunguja kuhusu mkutano wa wachawi. Knox alipokataza nguvu zisizo za kibinadamu alikuwa akilinda mchezo. Abdulla, aliyewahi kufanya kazi ya ukaguzi wa afya kabla ya kuwa mhariri, alikuwa akibishana na majirani zake. Jibu la kwanza la umma ndilo analolibomoa, sura baada ya sura, mpaka abaki mtu mwenye jina na tamaa ya mali. Msomaji aliyekisia mzimu amekosea, na hakuna aliyeumia.

Sheria ya Uchawi ya Kenya, ya tangu mwaka 1925, ina kifungu ambacho ningependa waandishi wetu wakisome. Kumtuhumu mtu kwamba ni mchawi ni kosa, isipokuwa tuhuma hiyo ipelekwe kwa polisi, chifu au mwenye mamlaka mwingine. Unaruhusiwa kushuku. Huruhusiwi kulitangaza jina sokoni. Ni sheria ya kikoloni na ina kasoro zake, ila waliotunga kifungu hicho waliifahamu tofauti kati ya aliyezungusha duara kwa penseli na aliyebeba kiberiti.

Riwaya ya Kiswahili kuhusu mauaji kama ya Marani sijaisoma, na umbo lake lipo tayari, kwani tangu Murder on the Orient Express ya mwaka 1934 tunajua kwamba washukiwa wote wanaweza kuwa wakosaji. Mwandishi wake atakuwa na shida moja ngumu. Msomaji wa Ikonge atawajua wauaji kabla ya ukurasa wa tano, wote, kwa sura na kwa majina ya utani. Inspekta naye atawajua. Atakwenda boma kwa boma na daftari lake, atakaribishwa chai, na kila atakayemuuliza alikuwa wapi usiku ule atamwambia alikuwa amelala.